Gari la Masanduku: Kujiunganishia Gari Nyumbani Ni Kazi ya Namna Gani

Kila baada ya muda video ya aina hii huzunguka kwenye simu: lori limesimama mbele ya nyumba huko Uingereza, linashusha masanduku, chasisi tupu na injini iliyofungwa kwenye fremu ya mbao. Baada ya dakika tatu za picha zinazokimbia, mwenye nyumba anatoka gereji akiendesha gari dogo lisilo na paa. Chini yake maoni yanagawanyika. Wengine wanasema jamaa kabuni gari. Wengine wanauliza kwa nini na sisi tusiagize magari vipande vipande tukwepe ushuru. Na hawakosekani wanaoapa kwamba kitu hicho hakiwezi kuruhusiwa barabarani.

Mkanganyiko huu una sababu, kwa kuwa kazi tatu tofauti zimefungwa kwenye furushi moja.

Kazi ya kwanza ni kubuni gari. Mtu anaanza na karatasi tupu, anachora chasisi, anakokotoa uzito na mwendo, kisha anachomelea vyuma na kujaribu mpaka kitu kiende. Mradi wa magari wa Nyumbu kule Kibaha, Tanzania, ulikuwa wa namna hii, na Kenya ilizindua gari la Nyayo mwaka 1990 baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kupewa jukumu hilo. Kijana anayechomelea mabomba uani na kuweka injini ya pikipiki yumo katika kundi hilihili, hata kama hana shahada.

Kazi ya pili ni kuunganisha kiwandani, ile inayofanyika Thika, Mombasa na Nairobi. Sehemu huletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimefungashwa kwa mpango wa CKD (gari lililofunguliwa vipande vipande), na wafanyakazi waliofunzwa huziunganisha mamia kwa mamia kwa vifaa vya kiwanda. Linalotoka pale ni gari lilelile la kampuni mama.

Ya tatu ndiyo yetu leo: gari la kujiunganishia. Kampuni imeshabuni, imeshachomelea chasisi na kutoboa matundu yote mahali pake, imefinyanga bodi ya faibaglasi au kukunja mabati ya alumini. Kisha inakuuzia seti na kijitabu cha maelekezo. Ni sawa na kununua kitambaa ambacho fundi cherehani ameshakikata kwa vipimo: kukata hukati tena, kushona ndiyo kazi yako, na mshono ukilegea aliyekata hana lawama.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Gari la dukani limeshakaguliwa na kiwanda kabla halijakufikia. Gari la kujiunganishia linakuletea wewe kazi ya mkaguzi wa mwisho. Kipaji cha injini kinasaidia kidogo tu. Kinachohitajika ni subira ya kurudia kila nati.

Suala la kodi, kwa sababu ndilo lililoanzisha yote

Uingereza ndiyo nyumbani kwa magari haya. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Colin Chapman ilitoa gari lililoitwa Seven: chasisi ya mabomba membamba, mabati ya alumini, viti viwili, hakuna paa la maana. Wakati huo gari kamili lilitozwa kodi ya manunuzi, ila aliyenunua vipande akaunganisha mwenyewe hakutozwa. Masharti yalikataza kuambatanisha maelekezo ya kuunganisha. Inasimuliwa sana kuwa wanunuzi walipewa maelekezo ya kulifungua gari, wao wakayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Mwanya huo ulizibwa mwaka 1973, VAT ilipochukua nafasi ya kodi ya manunuzi na kugusa seti pia. Mwaka huohuo Lotus iliiuzia kampuni ya Caterham haki za Seven, na Caterham inalitengeneza gari hilo mpaka leo, lililokamilika au la masanduku. Kwa hiyo anayesema Waingereza hujiunganishia magari ili wasilipe kodi anazungumzia miaka zaidi ya hamsini iliyopita.

Na je, ukiagiza masanduku hayo yaje Dar es Salaam au Mombasa? Forodha zinazotumia mfumo wa HS wa kuainisha bidhaa, zikiwemo za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zina Kanuni ya 2(a) ya tafsiri: bidhaa iliyoletwa ikiwa imefunguliwa au bado haijaunganishwa huhesabiwa kuwa bidhaa kamili. Inatosha vipande kuwa na sura na kiini cha gari. Nafuu ya CKD hupewa viwanda vilivyoidhinishwa kuunganisha, haimhusu mtu mmoja mwenye gereji. Kuligawa gari katika makontena mawili hakulibadilishi jina. Kunaweza kukuletea kesi.

Seti mpya na gari la kuchinja

Magari ya kujiunganishia yako ya aina mbili kuu, na tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Aina ya kwanza ni seti kamili, kila kitu kipya. Mfano mzuri ni Caterham Seven 170, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa bei ya kuanzia paundi 22,990. Ina injini ya Suzuki ya sentimita za ujazo 660 yenye tabo, nguvu farasi 84, na gari zima lina uzito wa takriban kilo 440. Urefu wake ni kama mita 3.1 na upana hauzidi mita 1.5, kwa hiyo hata gereji ya gari moja inatosha kuliunganishia. Wayaringi yake imeshatengenezwa, kila plagi ina mahali pake pamoja. Mtu makini huhesabu takriban saa 100 za kazi.

Aina ya pili ni seti inayotegemea gari la kuchinja. Unanunua chasisi na bodi kwa kampuni, halafu unatafuta gari la zamani, unalichinja na kuhamisha injini, giaboksi, difu, breki, stelingi na wakati mwingine wayaringi nzima. Uingereza zamani walichinja Ford Escort, wakaja kwenye Ford Sierra, siku hizi Mazda MX-5 ndiyo inayopendwa. Kule California, Bruce Meyers alianza na Volkswagen Beetle mwaka 1964: bodi yake ya faibaglasi, Meyers Manx, baada ya magari machache ya mwanzo ilikaa juu ya sakafu ya Beetle iliyofupishwa kwa takriban sentimita 36. Marekani seti nyingi huuzwa bila injini wala giaboksi, kwa kuwa anayeuza kila kitu pamoja anaweza kuhesabiwa na sheria kuwa mtengenezaji wa magari, na viwango vyote vya serikali kuu vikamwangukia.

Aina hii ya pili inaanza kwa bei ndogo, na hapo ndipo uzushi wa "gari la bei poa" unapozaliwa. Hesabu halisi hukaa kwenye vitu vidogo. Gari la kuchinja la mwaka 1998 lina bushi zilizochakaa, kalipa zilizoganda, mabomba ya breki yenye kutu na boliti zinazokatika ukizifungua. Ukishabadilisha hayo yote, ukanunua matairi, betri, mipira ya rejeta, rangi, boliti mpya na oili, umefikia bei ya gari zuri lililotumika, na muda wa saa 100 umegeuka mwaka au miaka miwili ya wikiendi. Mwenye shida ya usafiri anunue gari lililotumika. Hili ni la mwenye hamu ya kazi yenyewe.

Kwenye kuchinja, onyo moja lina thamani ya pesa nyingi. Magari mengi ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 yana kinga ya wizi: kontrol boksi (kompyuta ya injini), kifaa cha kinga na funguo vinatambuana. Ukichukua injini na kontrol boksi ukaacha vingine kwenye mabaki, mota ya kuwashia itazungusha injini nayo haitawaka. Kwa hiyo kabla hujafungua hata nati moja, hakikisha gari hilo linawaka na kutembea, piga picha kila kona ya injini, na funga kijikaratasi chenye jina kwenye kila plagi ya umeme. Usikate waya wowote wa ziada mpaka injini iwe imewaka ndani ya chasisi mpya.

Kazi yenyewe, kuanzia sandukuni

Siku ya kwanza hufungi kitu. Unafungua masanduku na kulinganisha kila kipande na orodha. Kukosekana kwa vipande ni jambo la kawaida, na ni afadhali ujue siku hiyo kuliko siku ambayo injini inaning'inia kwenye winchi. Boliti zipange kwa kipenyo na urefu katika makopo yaliyoandikwa. Boliti ya urefu wa milimita 40 mahali pa milimita 45 itaingia na itakaza, na utaamini iko sawa.

Vifaa vya lazima ni stendi nne imara za kuegeshea gari (jeki si stendi), winchi ya injini ya kukodi kwa siku moja, na toki renchi mbili, yaani spana zinazopima nguvu ya kukaza: ndogo ya kuanzia kama nyutonimita (Nm) 5 hadi 25, na kubwa ya Nm 40 hadi 200. Renchi moja kubwa haitoshi, kwa sababu huku chini kwenye vipimo vidogo haiaminiki, na boliti ya milimita 6 inayotaka takriban Nm 10 utaikata kichwa. Tazama pia kipimo kilichoandikwa. Vitabu vya Kiingereza huchanganya Nm na futi-pauni, na futi-pauni moja ni Nm 1.36. Ukiambiwa 60 za Nm ukaweka 60 za futi-pauni, umekaza zaidi ya theluthi moja kupita kiasi.

Mpangilio wa kazi kwa gari la mtindo wa Seven kwa kawaida huanzia mbele: stelingi, mikono ya sespensheni, shokapu na springi. Hufuata difu na ekseli ya nyuma, kisha injini na giaboksi, halafu upozaji, egzosi, breki, umeme, na mwisho kabisa viti, taa na pua ya mbele.

Kwenye sespensheni kuna kosa moja ambalo wengi wanaoanza hulifanya, na tulitazame kwa karibu. Mkono wa sespensheni umeshikwa kwenye chasisi na boliti inayopita ndani ya bushi. Bushi ina bomba la chuma katikati, na mpira umegandishwa kulizunguka. Boliti ikikazwa, lile bomba la katikati linabanwa kwenye chasisi na halizunguki tena. Mkono unapopanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Sasa gari likiwa juu ya stendi, mikono inaning'inia chini. Ukikaza hapo kwa nguvu kamili, umeuambia mpira kwamba pale ndipo mahali pake pa kupumzikia. Ukishusha gari, uzito unapandisha mikono na mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa, linadunda, na baada ya miezi bushi zinachanika. Kwa hiyo kwanza kaza kiasi cha kushika tu. Shusha gari kwenye magurudumu, weka mizigo ya uzito wa dereva kwenye kiti, lisukume mbele na nyuma mara kadhaa litulie, halafu ndipo ukaze kwa kipimo kamili.

Loki nati, zile zenye pete ya nailoni, zitumie mara moja tu. Ukizifungua, weka mpya. Ncha ya boliti lazima itokeze nje ya nailoni kwa nyuzi moja au mbili. Ikiishia ndani, nati haijashika. Kila boliti iliyokazwa kwa kipimo ipige mstari wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari huo unakuambia umekaza, na baadaye unakuonyesha kama imezunguka.

Kuingiza injini huogopwa sana, na kwa kweli ni kazi ya asubuhi moja kwa watu watatu. Injini na giaboksi huunganishwa nje, zikainamishwa mkia chini na kushushwa kwa mshazari mpaka giaboksi iingie kwenye handaki la katikati. Chasisi ifunike kwa mablanketi, maana rangi hukwaruzika hapa kuliko mahali pengine popote. Ugumu uko kwenye yale yanayotakiwa kufanyika kabla. Jaza oili ya giaboksi ikiwa nje, kwa kuwa giaboksi nyingi zikishaingia plagi yake hujificha handakini. Hakikisha propela shafti inaingia mahali pake, bamba la klachi limekaa katikati, na mpira wa mafuta ya klachi umefungwa pale ambapo mkono hautafika tena. Ukisahau kimoja, injini inatoka tena.

Breki hazihitaji akili nyingi, zinahitaji usafi. Mafuta ya DOT 4 hunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zamani usiitumie, na likidondoka tone kwenye rangi lioshe kwa maji papo hapo maana huila. Kutoa upepo anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie la karibu, isipokuwa kama maelekezo ya gari lako yanasema vinginevyo. Pedali ikiwa laini halafu inakuwa ngumu ukiipiga mara mbili tatu, bado kuna upepo ndani. Kabla ya kushusha gari, mtu akanyage pedali kwa nguvu kwa dakika moja nzima huku mwingine akipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi itaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Upozaji nao una jambo lake. Pua ya gari la namna hii iko chini na injini iko juu, kwa hiyo hewa hukwama kwenye mipira. Inua mbele, jaza polepole, minya mipira kwa mkono, na usiamini geji ya joto mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto unapougusa.

Umeme ndio unaokula wikiendi za watu. Ukisikia indiketa inapepesa kasi, ukikanyaga breki taa nyingine ya nyuma nayo inawaka kwa mbali, au geji ya mafuta inapanda ukiwasha taa, usikimbilie kununua kontrol boksi. Tazama ethi kwanza, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kwenye gari la kawaida bodi nzima ni chuma, na umeme hurudi kwenye betri kupitia hapohapo. Bodi ya faibaglasi haipitishi umeme hata kidogo, hivyo kila taa inataka waya wake wa ethi mpaka kwenye chasisi. Na chasisi yenyewe imepakwa rangi ya unga iliyookwa, ngumu kama ganda, nayo pia haipitishi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae pale ethi inapofungwa, kaza, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Injini iwe na waya wake mnene wa ethi. Ukiusahau, umeme wa mota utatafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia kebo ya pedali ya mafuta, na kebo itaungua. Indiketa za LED zinaweza kupepesa kasi hata ethi ikiwa safi, kwa kuwa hutumia umeme mdogo na rilei ya zamani, ile swichi inayozipepesa, hudhani balbu imekufa. Dawa yake ni rilei ya LED. Na fyuzi hulinda waya: kubwa kupita unene wa waya ni sawa na kutokuwepo.

Usiwashe injini kwa mara ya kwanza kwa shauku. Chomoa koili na zima pampu ya mafuta, zungusha kwa mota kwa vipindi vifupi mpaka geji ya presha ya oili inyanyuke. Oili imekaa chini kabisa ya injini, haijafika kwenye beringi. Injini mpya ikiwaka sekunde chache bila oili huanza kujila. Presha ikishaonekana, rudisha koili na washa, mtu mwingine akiwa ameshika mtungi wa kuzimia moto na macho yakiwa kwenye mabomba ya mafuta.

Je, linaruhusiwa barabarani?

Nchini Uingereza linaruhusiwa, baada ya kukaguliwa. Magari yaliyoundwa na watu binafsi yalianza kupitia ukaguzi maalumu wa SVA mwaka 1998, na tangu 2009 ukaguzi huo ni IVA, yaani idhini ya gari moja moja. Ni mkali kuliko ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka. Mkaguzi hutumia saa kadhaa kwenye gari moja.

Wengi huenda wakihofia injini, kumbe wanaangushwa na kona za vyuma. Kanuni ya sehemu za nje hutumia tufe la milimita 100: ukingo wowote unaoweza kuguswa na tufe hilo katika maeneo yanayokaguliwa lazima uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5. Sababu yake ni mtembea kwa miguu atakayegongwa. Ndiyo maana magari haya siku ya ukaguzi yamejaa vifuniko vya plastiki kwenye vichwa vya boliti na mpira kwenye kingo za mabati.

Spidomita inapimwa: isionyeshe mwendo mdogo kuliko mwendo halisi. Kelele ya egzosi haitakiwi kuzidi desibeli 99. Moshi hupimwa kulingana na umri wa injini, kwa hiyo uwe na uthibitisho wa umri huo. Breki za nyuma zisifunge kabla ya za mbele, kwa kuwa gurudumu la nyuma lililofunga hukosa mshiko wa pembeni na gari huzunguka. Mikanda, vioo, pembe za kuonekana kwa taa, yote yana vipimo. Ukianguka unapewa karatasi ya makosa, unarekebisha, unarudi.

Baada ya hapo ni DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, na namba ya usajili. Gari la vipande vipya tupu hupewa namba ya mwaka huo. Lililotokana na gari la kuchinja lenye karatasi kamili linaweza kupewa namba inayolingana na umri wa gari hilo. Lisilojulikana asili yake hupewa namba inayoanza na herufi Q, na bei yake ya kuuza hushuka. Kwa hiyo risiti ndogo ya boliti isitupwe, na picha za kila hatua zihifadhiwe. Bima nayo hukatwa mapema kwa namba ya chasisi, kwa sababu gari linahitaji bima hata kwenda tu kwenye ukaguzi.

Wanaosema magari haya ni hatari wana hoja kwa upande mmoja. Hayana mifuko ya hewa, hayana mwili wa chuma wa kufyonza mgongano kama saluni ya kisasa. Ukaguzi unahakikisha limeungwa vizuri. Haulifanyi kuwa na kinga ambayo halikubuniwa nayo. Anayemwambia mteja vinginevyo anamdanganya.

Kilometa za mwanzo

Likitoka barabarani, presha ya matairi ndiyo ya kwanza kukosewa. Mtu hujaza 32 psi kwa mazoea ya saluni. Gari la kilo 500 kwa presha hiyo hukanyaga kwa ukanda mwembamba wa katikati ya tairi na huteleza kwenye mvua. Seven hutumia karibu 18 hadi 20.

Safari ya kwanza iwe ya kilometa chache karibu na nyumbani, kisha gari lirudi kwenye stendi. Gusa kila gurudumu: lililo moto kuliko mengine lina breki inayoshika au beringi iliyokazwa sana. Pita na tochi kwenye mistari ya rangi uliyopiga kwenye nati, na yoyote ambayo mstari wake umeachana, ifungue, tafuta sababu, weka nati mpya. Nati za magurudumu zikaze upya baada ya kilometa 80 hivi. Alaimenti ifanywe sespensheni ikishatulia, dereva au uzito wake ukiwa kitini. Na ikifika maili 500, yaani kilometa 800, mwaga oili ya mwanzo, badilisha filta, na anza tena orodha ya boliti kutoka namba moja.